Kitabu cha Ajali

Sindano ilifika imekunjwa ndani ya shuka la upasuaji
kama barua iliyosahauliwa mfukoni,
na Eduvina Mansilla akaisoma kwa kidole gumba.

Hakupiga kelele. Alishusha pumzi tu,
kama mtu aliyekumbuka, akiwa mbali na nyumbani,
kwamba jiko ameliacha linawaka.
Nje, upepo wa Punta Arenas ulikuwa ukipekua mabati.
Ndani, mashine kumi na mbili za kufulia zikinguruma.

"Usikikamue," nikamwambia. "Maji. Sabuni.
Iache ichuruzike yenyewe."
Nikamshika kiwiko, nikamsimamisha penye sinki,
tukaitazama damu yake ikienda na povu:
nyekundu kama ya mtu yeyote,
haisemi imekutana na nani.

Halafu nikafungua kitabu,
kwa kuwa msimamizi wa zamu ni mimi na kalamu ni yangu.
Saa? Tisa na dakika kumi, usiku.
Kiungo? Kidole gumba, mkono wa kulia.
Je, mfanyakazi alikuwa amevaa glavu?
Alikuwa amevaa. Zile nyembamba za buluu
zinazozuia maji na kinyaa.
Chuma haziwezi.
Nene niliziomba mwezi Machi. Ofisi ikajibu: bajeti.
Nikaomba Juni. Ofisi ikajibu: tumepokea.
Agosti sikuomba.
Kitabu hakina mstari wa kuandikia Agosti.

Juu, wodini, kipo kisanduku cha njano cha kutupia sindano,
hatua mbili kutoka kitandani.
Kuna mtu alichoka hatua mbili.
Simjui. Simlaumu sana, pengine naye
alikuwa akiunganisha zamu ya pili.
Lakini ufa ulikuwa wa hatua mbili,
na ukuta tumeachiwa sisi tujenge.

Daktari Yutronic, kijana mwenye sauti ya kuomba radhi,
alitaka kadi ya chanjo ya homa ya ini.
Ya kwanza, ndiyo. Ya pili, ndiyo.
Ya tatu iliangukia siku ya dhoruba,
kivuko cha Porvenir hakikuvuka,
na hakuna aliyempangia siku nyingine.
Akampa vidonge vya siku ishirini na nane
vya kuwahi kirusi cha Ukimwi kabla hakijapata kiti cha kukalia.
Kisha akatoa sindano.
"Nyingine?" akauliza Eduvina, na akacheka,
kicheko kifupi, kikavu, kama kitambaa kinachochanika.

Saa ya mapumziko kibuyu cha mate huzunguka kwetu,
majani machungu, mrija mmoja, midomo minane.
Zamu yake ilipofika alikipitisha bila kunywa.
"Haiambukizwi kwa mate," nikamwambia,
"wala ya kibuyuni wala ya mdomoni."
"Najua," akasema. "Mkono ndio haujui."

Glavu nene zilifika wiki ya sita, siku ya kipimo cha pili,
katoni nzima,
saizi ya wanaume wakata manyoya ya kondoo.
Eduvina akazivaa. Ncha za vidole zikabaki tupu,
zikalala kama masikio ya mbwa mzee.
Akanipungia nazo kutoka upande wa pili wa mvuke.

Nikaandika: zirudishwe, ziletwe ndogo.
Kesho yake nikaandika tena.
Keshokutwa nikapanda ngazi hadi ofisini
na shuka begani, nikalitandaza juu ya karatasi zao,
likiwa limekunjamana vile vile linavyotufikia,
nikasema: "Lipangueni. Kwa mikono."

Lilikuwa safi. Nililifua mwenyewe.
Hakuna aliyeligusa.

Kipimo cha mwisho ni Desemba.